Shali Isiyouzwa Sokoni

Naikumbuka vizuri siku moja, mwanangu, nilipopoteza asubuhi nzima katika soko la Kasongo nikitafuta kitu kisichouzwa.

Nilikuwa nimempenda binti wa kule Wamaza, Zaituni. Baba yake alitupa muda hadi Ijumaa tupeleke posa, maana familia nyingine nayo ilikuwa inabisha hodi. Nami niliamka na shauri moja, nikalala na jingine. Nioe sasa? Au niende kwanza Salamabila kuchimba dhahabu? Mshika mbili moja humponyoka, nilijua, ila kujua hakukunisaidia. Alhamisi baba mdogo, mwalimu wa Kiingereza, mtu asiyebembeleza, aliniona nikizungukazunguka uani.

"Weye, uko shilly-shally!" akasema, akaenda zake shuleni.

Sikio langu likashika "shili" na "shali" tu. Nikadhani ananikumbusha zawadi ya mama mkwe! Nikapita duka kwa duka nikiulizia shali aina ya shili, hata muuza vitambaa mmoja akaniuliza kama nina malaria.

Baba mdogo aliporudi nikamweleza. Alicheka mpaka akakaa chini.

"Ile si nguo, mutoto yangu, ni adjectif, neno la sifa. Zamani Mwingereza mwenye kushindwa kukata shauri alikuwa anajiuliza, 'Shall I? Shall I?' Njo kusema, maana yake, nifanye? nifanye? Watu wakamucheka, maulizo yake ikakuwa jina. Weye watakuita Nioe-Nisioe. Unamupenda ao haumupendi?"

"Ninamupenda."

"Basi kesho tunaenda."

Tuliondoka kwa pikipiki kabla ya jua, matope yakitufika magotini. Wamaza tulifika alasiri, na wale wengine walikuwa wamekwisha kukaa barazani. Baba wa Zaituni akamwita bintiye, akamuuliza mbele yetu sote anamtaka nani.

"Huyu," akasema, akinitazama. "Miye nilijua tangu zamani. Yeye njo hakukuwa anajua."

Nilipumua, mwanangu, nikalia mbele ya wakwe bila haya. Hata leo nikikumbuka nashukuru.

Kwa hiyo fikiri, uliza wakubwa, omba dua. Lakini moyo ukishajua, inuka uende. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na si lako peke yako: kuna mtu upande wa pili anayekungoja. Mungu akupe mtu mwenye subira kama Zaituni, na akuepushe na kumchosha.