Trekta Halina Mafuta

Wenseslaus wa Kirua Vunjo alikuwa mtu wa jembe mpaka siku alipoanguka kutoka kwenye mringaringa. Alipanda kuwakatia ng'ombe majani, tawi likamwacha, na nyonga yake haikurudi sawasawa. Tangu hapo kuinama hawezi. Kihamba cha nyumbani, migomba na kahawa, mkewe Mektrida alikimudu. Shida ilikuwa shamba la chini, kule tambarare, la mahindi na maharage. Lililala masika mawili. Kamati ya kijiji ikampelekea habari kwamba likilala tena litagawiwa wanaolima. Jamani, mtu ameanguka mtini, hakuanguka kilabuni! Lakini kamati haina nyonga.

Ndipo akapata lile trekta dogo la bustani ya misheni, mapadre walipoletewa jipya. Lilikuwa kuukuu, silinda moja, rangi imebabuka, kiti kimebaki chuma kitupu. Watu walicheka. Acha wacheke. Wenseslaus aliliuguza kama mgonjwa wake: akakwangua kutu, akaosha chujio la hewa, akabadilisha mkanda, akapeleka springi ya lori kwa mhunzi ifuliwe iwe plau. Akaunga na trela kwa ekseli ya pikapu iliyokufa. Kiti akakishonea gunia la kahawa, ndani majani makavu ya migomba. Akikaa pale juu nyonga ilimtulia, na kwa muda alisahau kwamba ni mlemavu. Hiyo ni furaha kubwa, mtu asikudanganye.

Ila alikuwa na ugonjwa mmoja wa ulimi: kila kinachoteleza, kwake ni mafuta. Dizeli mafuta, oili mafuta, grisi mafuta, na ya kukaangia mafuta vilevile. Nyumbani walishamzoea.

Mawingu ya masika yalikuwa yameshatanda alipomwaga oili chafu ili aweke mpya. Bolti ameshaikaza, kopo la oili bado liko stoo, mara akaja mtu na habari za msiba: mke wa baba yake mdogo amefariki kule kijijini Kilema. Msiba haungoji oili. Akavaa koti, akachukua fimbo yake, na akiwa ameshaanza njia akageuka.

“Mama Doris, trekta halina mafuta. Liwekee kabla Denis hajaja kulichukua.”

“Nitaweka,” akasema Mektrida.

Akaweka kweli. Alijaza tangi dizeli mpaka mdomoni, akafuta na kitambaa. Denis, mdogo wake, alipofika akauliza kama mtu mwenye akili zake, “Dada, mafuta yapo?”

“Yapo, nimejaza mwenyewe.”

Haya, niambie nani hapo alisema uongo. Denis akalipakia kwenye lori la jirani, akateremka nalo, akatia plau ardhini. Hata mstari wa kwanza haukufika mwisho. Injini ilianza kugonga, ikagonga zaidi, ikapiga kishindo na kunyamaza katikati ya shamba.

Amarjit, fundi wa Moshi mjini, alishuka na pikapu yake pamoja na Wenseslaus kwenda kuliangalia. Akaingiza kidole kwenye tundu ubavuni mwa injini.

“Mzee, konrodi imekatika, imetoboa bloku. Injini kavu kabisa. Nani ameliwasha bila oili?”

Wenseslaus akainamisha kichwa kuchungulia lile tundu. “Bloku nyingine tutapata?”

“Ya hili? Waliokuwa wanalitengeneza wameacha siku nyingi. Zamani ningekwambia ngoja meli. Sasa maduka yamejaa, ukitaka redio ipo, ukitaka mitumba ipo, mpaka tufaha la Afrika Kusini lipo. Hiki chako hakipo.”

Mvua ikanyesha. Nyumbani Wenseslaus hakugomba, na afadhali angegomba. Alikula akitazama mlango, akalala akitazama ukuta. Mwisho Mektrida akamjia na jani la isale mkononi, na kwa Wachagga aliyeletewa isale hana ruhusa ya kukataa kusamehe.

“Ulisema mafuta, Baba Doris. Mimi nikasikia mafuta.”

“Nilisema mafuta,” akakubali. Akalipokea kwa aibu, maana aliyestahili kulileta ni yeye. Akamsamehe kwa moyo wote. Basi hapo ndipo alipoogopa hasa, kwa kuwa sasa hakuwa na wa kumlaumu, na shamba lilikuwa vilevile.

Mektrida akachukua jembe. Kila alfajiri alishuka na Denis, wakarudi jioni na udongo mpaka magotini. Wenseslaus alibaki nyumbani kumenya ndizi na kuwachemshia maji ya kuoga. Kila jioni aliuliza wamefika wapi, na kila jioni mkewe alimjibu, “Tunasogea.”

Siku moja akarudi mapema, akaketi bila hata kuvua kanga iliyolowa.

“Kamati wamekuja,” akasema. “Wamepima. Tulipolima wametuachia. Palipobaki amepewa mtu mwingine.”

“Mpaka wameuweka wapi?”

“Trekta hatukulifikia, Baba Doris. Liko upande wa mwenzetu. Anaomba ukalitoe, anataka kulima.”

Wenseslaus akaitazama fimbo yake.

“Mwambie nakuja,” akasema, wala hakuinuka.