Nusu Saa Kutoka Masoko Hadi Kikwetu

Binti yangu wa kwanza alipoposwa, mimi nilikuwa fundi wa majokofu katika hoteli moja Kilwa Masoko. Yeye na mama yake walikuwa nyumbani kwetu Rasbura, mjini Lindi. Ndoa ilipangwa Ijumaa baada ya sala. Siku mbili kabla, mvua ikabomoa barabara ya kusini, na mabasi yote yakarudi nyuma.

Ijumaa asubuhi meneja wa hoteli akanifuata jikoni. Ndege iliyoleta wageni ilikuwa inakwenda Lindi kuchukua wengine, na kiti kimoja kilikuwa wazi. Niliondoka na kanzu mkononi.

Rubani alikuwa msichana, rika la mwanangu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Ni mbali kiasi gani?"

"Kwa angani ni kama kilomita mia tu. Nusu saa, tukiondoka."

Hilo "tukiondoka" likanikaa moyoni. Upande wa Lindi wingu lilikuwa limeshuka, ikabidi tusubiri. Nilitembea ukingoni mwa uwanja kwenda na kurudi, nikavua kofia, nikaivaa, nikaivua tena. Mwishowe nikampigia mdogo wangu.

"Nisipofika, muozeshe wewe."

"Usiseme hivyo, kaka."

Adhuhuri ilikuwa karibu tulipopaa. Sikuwa nimewahi kupanda ndege, na watu walinitisha sana habari za tumbo na masikio. Sikumbuki tumbo wala masikio. Nakumbuka malori yamejipanga chini, mbele yao maji ya rangi ya chai ya maziwa, na mimi nikiuliza tumefika wapi.

"Baba," rubani akasema, "umeniuliza sasa hivi."

Tukatua salama Kikwetu, uwanja wa ndege wa Lindi. Hapo ndipo nilipogundua kwamba sikuwa nimefikiria njia ya kutoka uwanjani hadi mjini. Nikavaa kanzu, nikapata bodaboda, tukaanza kuteleza kwenye tope. Simu ikaita njiani.

"Shehe ana nikaha nyingine Mingoyo," mdogo wangu akasema. "Anataka kuondoka. Amewatuma mashahidi wamuulize binti kama ameridhia mimi nisimame badala yako."

"Kasema nini?"

"Kasema baba yake yuko angani, atamsubiri ateremke. Kina mama wameanza kulia, wanadhani umekufa."

Nilimwambia kijana wa bodaboda aongeze mwendo, kisha nikamwambia apunguze, maana tulikaribia kuanguka.

Shehe alikuwa amesimama mlangoni, viatu tayari mguuni. Akanitazama kanzu iliyojaa tope.

"Umeteremka?"

"Nimeteremka."

Akavua viatu. Nikaingia kwanza chumbani kwa binti yangu. Alikuwa amekaa kitandani, hina imekauka, macho mekundu.

"Uliogopa, baba?"

"Niliogopa kuchelewa."

"Mimi niliogopa ndege," akasema.

Nikatoka, nikaushika mkono wa mkwe wangu. Neno moja nililikosea na shehe akanirudisha nyuma. Mara ya pili likatoka sawa, na vigelegele vikapanda.

Pilau niliila nimesimama.

"Keti, baba watoto," mke wangu akaniambia. "Ndoa imeshafungwa."

Niliketi kidogo, kisha nikainuka tena kumtazama binti yetu akiingia kwenye gari la mumewe. Nyumba yao iko mtaa wa pili tu. Nilisimama barabarani mpaka gari likakata kona, na hata baadaye.