Jinsi Baba Alivyozisoma Dawa za Mama

Baba yangu aliishia darasa la nne. Maisha yake yote ni mpunga, kakao na migomba, na Kiswahili chake hadi leo kina lafudhi nzito ya Kinyakyusa. Mimi ni mwalimu. Kwa miaka mingi niliamini kwamba kwenye familia yetu msomi ni mimi.

Mama alianza kusahau taratibu. Kwanza alitia chumvi mara mbili kwenye kande. Kisha akapotea akitoka kanisani, njia aliyoipita tangu alipoolewa hapa Makwale, akitokea Matema kwao, kando ya ziwa, kwa wafinyanzi wa vyungu. Siku moja nilipofika nyumbani alinipa kigoda, akanikaribisha kwa heshima zote, halafu akaniuliza wazazi wangu wanaishi wapi. Hospitali walituambia ni ugonjwa wa usahaulifu wa uzeeni, kwamba hauponi lakini mgonjwa hutunzwa.

Wakati huo nilikuwa nafundisha Tukuyu, nashuka Makwale kila Jumamosi. Kwa kuwa sikuweza kukaa naye, nilimtunza kwa kuleta dawa. Mama alikuwa akihangaika, anataka kutoka aende ziwani kwao. Nikamweleza muuzaji wa duka la dawa, akanipa vidonge vya kumtuliza. Alikuwa na mafua yasiyokoma. Nikaleta vidonge vya mafua. Dawa ya presha alikuwa akipewa kwenye zahanati ya kijijini, na alipolazwa mjini Kyela kwa malaria akaandikiwa ya presha huko pia. Nilizipanga zote kwenye kikapu kidogo, nikamwelekeza baba: hiki asubuhi, hivi mchana, hivi jioni. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Ndaga, mwanangu," yaani asante.

Hadi kufika msimu wa kuvuna mpunga, mama alikuwa amenyamaza kabisa. Alisinzia kitini huku kijiko kikimdondoka mkononi, na akisimama alipepesuka na kuanguka. Shangazi, dada yake baba, akasema ugonjwa umefika mwisho, tujiandae. Nilikubaliana naye. Nikamwambia na mwalimu mkuu kwamba huenda nikaomba ruhusa ya msiba wakati wowote.

Baba hakubishana nasi, ila hakukubali.

Jumamosi moja nilimkuta jikoni, amesimama mbele ya ukuta. Jiko letu ni la udongo, liko nyuma ya nyumba. Ukuta mzima kuanzia usawa wa kifua chake ulijaa alama za mkaa, safu chini ya safu.

"Baba, nini hizi?"

"Siku za mama yako."

Akanionyesha kwa kijiti. Mstari uliosimama maana yake mama yuko macho. Mviringo, amelala. Msalaba, ameanguka. Na nukta ilikuwa saa ya kumeza dawa.

"Tazama hapa," alisema. "Akimeza hiki cheupe cha kumtuliza, haupiti muda, mviringo. Kila siku. Jumatano kilianguka kwenye majivu nikakikosa. Angalia Jumatano."

Jumatano ilikuwa mistari mitupu mpaka jua kuzama.

"Aliniuliza kama kakao iliyoanikwa imegeuzwa," baba akasema.

"Baba, ugonjwa wenyewe ndivyo ulivyo."

"Ugonjwa gani huo unaokuja kwa saa, kama basi la Mbeya?"

Kisha akachukua boksi mbili kikapuni, moja ya bluu na nyingine nyeupe, akaziweka pamoja kwenye kiganja. Akagusa kwa kucha herufi ndogo zilizoandikwa chini. "Sijui zinasema nini. Lakini hizi na hizi, si zilezile?"

Nikasoma. Zilikuwa zilezile. Boksi ya zahanati na boksi ya mjini zilikuwa na majina tofauti kwa juu, kwa herufi kubwa, lakini ndani dawa ilikuwa moja. Mama alikuwa anameza dawa ya presha maradufu. Mimi nilisoma herufi kubwa nikatosheka. Baba, asiyejua Kiingereza, alizilinganisha moja baada ya nyingine, kama anavyochambua punje za kakao.

Aibu ilinishika. Nikamuuliza kwa nini hakuziacha tu.

"Mimi si daktari," akajibu. "Nikimwachisha, presha ikapanda, nitamwambia nini mama yako?"

Jumatatu niliomba ruhusa shuleni. Kwa kuwa ukuta haubebeki, baba alikuwa amenakili alama zake zote nyuma ya kalenda ya zamani ya kanisa. Tukampakia mama kwenye bajaji, katikati yetu, kikapu cha dawa miguuni, tukaenda mjini Kyela.

Daktari alikuwa dada kijana. Alimwamkia baba, "Shikamoo, mzee," kisha akanigeukia mimi nimweleze habari za mgonjwa. Nikamwambia, "Anayejua ni baba."

Baba akaitandaza kalenda mezani. Yule dada aliinama juu yake muda mrefu, akiuliza, baba akijibu. Mwishowe akamwita mfamasia, wakakimimina kikapu chote mezani, wakampima mama presha akiwa amekaa, kisha akiwa amesimama. Ilikuwa chini mno.

Dawa ya presha ikabaki moja. Vidonge vya mafua, ambavyo navyo vilimletea usingizi, vikaondolewa siku hiyohiyo. Vile vya kutuliza wakatuambia tuvipunguze kidogo kidogo kwa majuma kadhaa, kwa sababu kuviacha ghafla nako kuna madhara.

"Kwa mgonjwa wa namna hii, dawa za kuleta usingizi zinamzidishia ukungu kichwani," daktari alisema. Akanitazama kwa upole. "Ulikuwa unamsaidia, mwalimu. Ila dawa mpya isiingie tena kikapuni bila sisi kujua." Halafu akamuuliza baba, "Mzee, nani alikufundisha kazi hii?"

"Nimeishi naye miaka mingi," baba akajibu. "Namjua akiwa macho."

Majuma yalipita. Asubuhi moja, kabla ya kengele ya shule, simu yangu ililia. Alikuwa baba, anacheka mpaka maneno hayatoki.

"Mama yako ananigombeza! Amesema uji wangu ni maji matupu!"

Nilikaa kwenye ngazi za ofisi ya walimu nikalia mbele ya wanafunzi wangu, na sikuona haya.

Mama hakupona. Bado ananiita mgeni, na siku nyingine anafungasha nguo arudi Matema. Lakini anakula kwa mkono wake, anatembea hadi kwenye migomba, na kanisani anaimba beti zote bila kukosea. Baba bado anachora, siku hizi kwenye daftari nililomnunulia.

Mwezi uliopita nilimletea mama chupa ya dawa ya kuongeza hamu ya kula. Baba aliipokea, akavaa miwani, akaigeuza pande zote.

"Hospitali wanaijua hii?"

"Ni vitamini tu, baba."

"Wanaijua?"

Nikasema hapana. Akanirudishia mkononi, akaniambia niiweke kwenye mkoba mpaka siku ya kliniki. Nimewasimulia walimu wenzangu wote habari hiyo, na kila ninapoisimulia nasema kwa sauti kubwa kwamba huyo ni baba yangu.