Vidonge Vitatu, Wanawake Saba

Vagheni alirudi kuwa mwanafunzi akiwa na miaka hamsini na miwili, umri ambao watu wenye akili wa Butembo hutafuta shamba la kuzeekea. Alizaliwa Lubero, kwenye baridi na viazi, akaja mjini na diploma ya uuguzi ambayo wakati ule ilitosha. Miaka ishirini na sita baadaye, bila yeye kuigusa, diploma ile ikawa fupi. Vijana aliowafundisha kuchoma sindano wakawa wakubwa wake. Basi siku za kazi alitibu watu, na Jumamosi na Jumapili alisomea jinsi watu wanavyotibiwa.

Mémoire yake, kitabu cha kumalizia masomo, iliuliza swali moja: je, kidonge cha amitriptyline kinawasaidia waliokimbia vita wakashikwa na huzuni isiyoondoka? Wagonjwa arobaini, karatasi yenye maswali tisa. Swali la tatu lilitaka kujua kama mtu amekosa usingizi majuma mawili yaliyopita. Lilitungwa katika nchi ambayo asiyelala ndiye mgonjwa. Upande wa Beni, ambako wauaji huja usiku, aliyelala fofofo ndiye aliyeonekana ana kasoro. Vagheni alilijaza hata hivyo, mara arobaini kila mwezi.

Mgonjwa wa kumi na saba alikuwa Débora. Huko kwenye vijiji vya Mangina aliacha shamba la kakao na kaburi la mume. Sasa aliishi Butembo kwa shangazi yake, Mama Abigaïl, shemasi wa kanisa. Hakuongea; maswali aliyajibu kwa kutikisa kichwa. Alikaa mlangoni akitazama miguu yake, kama mtu anayeilinda isiibiwe. Mwezi wa kwanza Vagheni alimpa kidonge kimoja kwa siku: hakuna kitu. Mwezi wa pili, viwili: hakuna. Wa tatu, vitatu: maswali tisa, majibu yale yale.

Msimamizi wake, Docteur Éliakim, alimwongoza kutoka Beni kwa simu.

"Nakupa mwezi mumoja, Vagheni. Kama hapana kubadilika, unamutoa mu étude. Non-répondante, mutu mwenye dawa hapana kusaidia."

"Na dawa yake, Docteur?"

"Dawa ni ya étude. Donc, akitoka..."

Mtandao ukakatika hapo, kwa adabu. Hata hivyo sentensi ilikuwa imeeleweka. Nje ya utafiti ule, rafu za kituo cha afya cha Vagheni zilikuwa na paracetamol, kwa kichwa na kwa mengine yote.

Alhamisi, baada ya kazi, Vagheni alipanda kilima chenye tope kwenda kumwona Débora nyumbani. Alifika wakati wa chakula, kosa ambalo hulipwa kwa kula. Pamoja na Débora walikuwa wanawake saba, wote ndugu, watano kati yao wamekimbia vita kama yeye. Walikula bugali na sombe, majani ya muhogo. Kisha Mama Abigaïl aliomba, akatoa vidonge vitatu kwenye bahasha ya Débora, akaviweka juu ya kisahani, akachukua kisu.

"Mama Abigaïl, unafanya nini?"

"Nagawa."

"Ile ni dawa ya Débora."

"Ndiyo. Mais mu nyumba yangu mutu hapana kula kitu peke yake, bengine beko banamuangalia. Ata weye umekula."

"Toka lini?"

"Toka siku ya kwanza. Unafikiri niko mwizi? Ni yeye mwenyewe alinipa."

Léa, binamu yake Débora, alikuwa tayari amenyoosha mkono. "Muganga, usizuie ile kisu. Mbele ya ile dawa nilikuwa nahesabia misumari ya bati mpaka asubuhi. Sasa nalala kama gogo."

"Kamata na weye kapande," Mama Abigaïl akasema, akimsogezea kisahani. "Macho yako iko nyekundu kama ya mutu mwenye amelewa kasiksi. Ni masomo ile?"

Vagheni alikitazama kile kipande, na ni lazima isemwe kwamba alikitamani. Alikuwa amesoma jinsi dawa ile inavyofanya kazi: kiasi kidogo huleta usingizi upesi, lakini huzuni hudai kiasi kamili, kila siku, kwa majuma. Kumbe dawa ilikuwa imefanya kazi yake kwa uaminifu, ila iliwafanyia wengine. Miezi mitatu alikuwa amepima ukarimu wa shemasi mmoja na kuuita kemia.

Akaeleza. Sehemu moja ya saba haimtoshi mgonjwa. Na Débora asijaribu leo kumeza vitatu peke yake, ataanguka njiani akienda chooni. Ataanza upya na kimoja.

"Peke yake," Mama Abigaïl akarudia. "Kama mbwa."

"Hii si chakula, Mama."

Ndipo Débora akaongea. "Mi siwezi. Mu pori nilikula peke yangu siku kumi na tisa. Mi siwezi tena."

Hakuna aliyegusa kisu. Katika maswali tisa, hakuna lililokuwa na nafasi ya jibu lile.

"Basi kuja kituoni kila siku saa kumi na moja ya jioni," Vagheni akasema mwishowe, kwa sauti ya mtu anayejiongezea kazi huku akijiona. "Umeze mbele yangu. Mumoja wa hapa akusindikize, nitamupa chai. Weye unameza, ye anakunywa."

"Chai na sukari?" aliuliza Mama Abigaïl.

"Na sukari."

"Na mukate?"

"Mama Abigaïl!"

"Nauliza tu. Juu ya kupanga zamu."

Walikuja kila siku, mvua isimame isisimame, Débora na mwenzake wa zamu. Vagheni alipandisha kutoka kimoja hadi viwili. Juma la nne, Débora alionja chai ya Léa, akakunja uso. "Muganga, ile ni maji ya kufulia." Lilikuwa oni lake la kwanza tangu Mangina. Vagheni akaliandika pembeni mwa karatasi, kwa kuwa halikuwa na kisanduku. Katika maswali tisa, alama za huzuni zilishuka karibu nusu.

"Ni dawa, ni chai, ao ni kutembea?" Docteur Éliakim akauliza kwenye simu. "Haujui. Na mi sijui. Mutoe. Na vidonge yote yenye ilibakia, urudishe Beni."

Docteur hakukosea, na hilo ndilo lililochosha zaidi. Mémoire ikabaki na wagonjwa thelathini na tisa.

Kabatini mlikuwa na vidonge vya utafiti vilivyobaki, mia tatu na sitini: viwili kwa siku, miezi sita ya Débora. Kwa miaka ishirini na sita Vagheni hakuwahi kudanganya ndani ya rejista, hasa kwa kukosa nguvu. Sasa akafungua ukurasa mpya na kuandika, kwa mwandiko mzuri: *Vidonge 360. Vimelowa na mvua. Vimetupwa.*

Saa kumi na moja Débora akaingia na Léa. Vagheni akatoa vidonge viwili, vikavu kabisa, akabandika maji motoni.