Hongera Niliyotumiwa na Kemisti

Leo kemisti imempigisha mama mkwe wangu vigelegele kwa sababu ya mtoto ambaye hayuko.

Mama amefika asubuhi kutoka Sondu. Nikampa simu yangu aongee na wifi yangu wa Muhoroni, mimi nikaenda kuweka chai.

Meseji ikaingia. Mama akaisoma kwa sauti: "Hongera mama mtarajiwa! Mtoto wako anakaribia kuzaliwa. Njoo upate ofa ya nepi."

Jamani, vigelegele! Mpaka majirani wakachungulia. Na wifi bado yuko kwenye laini, anasikia yote.

Ile mimba ilitoka mapema. Nilikuwa nimemwambia mume wangu peke yake.

Lakini siku niliyonunua vitamini za wajawazito kwenye hiyo kemisti ya Kondele, waliniomba namba ya simu, eti niwe nikipata pointi za kupunguziwa bei. Nikawapa tu, kama kila mtu.

Wifi alipokata simu, nikamwambia Mama pale pale, sufuria mkononi: "Mama, hakuna mtoto. Mimba ilitoka."

Akauliza, "Nyathina, mwanangu, na ukakaa na hiyo peke yako?"

Nimewapigia hao watu wa kemisti nikilia. Msichana akanijibu, "Pole madam, ni sistimu inatuma yenyewe. Bado ungependa kupata ofa zetu?"

Eti bado ningependa!

Nani hapa amewahi kufaulu kuwafanya wafute namba yake? Niambieni, nawaomba.

Mama yuko nje na simu yangu. Anampigia wifi amwambie hakuna mtoto, na kila wifi akishika, Mama anakata.