Shuka za Maman Juu ya Remoki

Sisi tuliokulia Bukavu, chini ya mabati yaliyotuzidi umri, mvua tuliijua kwa ndani. Ikianza tu, kila mtoto anakamata mkeka wake na kutafuta pembe kavu, na mdogo wetu ndiye aliyebaki na sufuria kichwani. Tulicheka sana! Siku hizi mtoto akiona tone moja darini, anapiga picha kwanza.

Papa alikuwa seremala, na kila msimu wa mvua alikuja na dawa mpya ya lile paa. Mwaka mmoja alipaka lami. Jua lilipowaka, lami ikayeyuka, ikapita kwenye matundu ya misumari na kudondokea maharagwe ya Maman. Tulikula hivyo hivyo, maana jikoni hapakuwa na kingine.

Dawa ya kweli aliipata kwenye kibanda cha simbilisi, wale wanyama wadogo tuliowafuga nyuma ya jikoni. Alikifunika kwa shuka kuukuu la pamba lililoloa gundi, akapaka rangi juu yake mara tatu. "Rangi yenyewe inapasukaka," alituambia. "Weka nguo ndani, itashika." Ikashika kweli. Simbilisi wakalala pakavu kuliko sisi, kwa sababu shuka za kufunika nyumba nzima zingetoka wapi?

Leo niko Rusizi, ng'ambo ya mpaka, huku kwetu Rwanda, seremala kama yeye. Mwaka huu Maman, ambaye sasa ni bibi mwenye kifua kibovu, alitaka kumwona mdogo wake kule Bweyeye, kando ya msitu wa Nyungwe, ambako mvua haibishi hodi. Nyumba ya mdogo wake imejaa wajukuu, hakuna pa kulala, na usiku mmoja wa unyevu unatosha kumpeleka Maman hospitali. Nikamwahidi chumba chake mwenyewe. Nikamjengea remoki, kijumba cha mbao nyembamba chenye kitanda na magurudumu mawili, cha kuvutwa nyuma ya gari langu. Ikabaki kukipaka kitu cha kuzuia maji, na hapo kila mtu akawa fundi.

Muuza rangi wa Kamembe alinisifia verni, yaani vanishi. Inang'aa, sikatai, lakini mbao hutanuka na kusinyaa, na verni hupasuka kama kisigino. Binti yangu Aline alinionyesha kopo kwenye simu. "Papa, unapuliza tu, minuti tano, imeisha." Dakika tano! Kizazi hiki kingetaka hata maharagwe yaive kwa kupulizwa. Mimi mwenyewe nilishanunua lami, kwa kuwa ndiyo wengi wanayotumia. Maman akaona bidoni, lile dumu la lami, akaweka kikombe chake chini.

"Gudron? Apana, mwana yangu. Ile nilisha kulaka."

Basi nikarudi kwenye dawa ya Papa. Aline, kwa moyo mwema, akatoa shuka lake jipya linaloteleza. Gundi ilikaa juu yake tu, maana nguo za sasa hazinywi kitu. Ndipo Maman akafungua sanduku na kutoa shuka nne za pamba, zilizopauka, alizovuka nazo mpakani tuliporudi Rwanda. Nikashika mkasi, nikauweka tena chini.

"Kata tu," akasema. "Mi nazeeka, nayo inazeeka."

Nikakata, roho ikiniuma. Nikazibandika kwa gundi ya mbao isiyoogopa maji, nikizivuta zisibaki na mkunjo, nikaziacha zikauke kabisa, kisha nikapaka rangi ya mafuta ya kijani, mara tatu. Baadaye nikapima kama Papa alivyopima: nikatandaza unga wa muhogo sakafuni na kungoja mvua. Tone likianguka, unga unaganda pale pale. Mvua ya kwanza ilituachia vidonge viwili chini ya dirisha, nikaweka kiraka. Ya pili ilipiga mchana kutwa, na unga ukabaki laini vile vile. Nilipiga kelele mpaka majirani wakatoka.

Tukaenda Bweyeye kwa barabara ile inayotikisa meno. Jioni mvua ikaanguka, haikuacha hadi alfajiri. Asubuhi nilikimbilia remoki. Maman akafungua mlango mwenyewe, kilemba kimemwendea upande, akashangaa madimbwi uani.

"Ehe! Kumbe mvula ilinyesha?"

Nilicheka hadi machozi yakanitoka. Aline akisikia mvua huvuta blanketi na kusema inaleta usingizi mtamu. Enzi zetu, sisi watoto tukishasinzia, Maman alikaa macho mpaka kunakucha, akihamisha mabeseni katikati yetu. Nina miaka hamsini na mitatu, na ile ilikuwa mara ya kwanza mvua kunyesha na mama yangu asijue.