Uongo wa Ukurasa wa Arobaini na Moja

Mfinyanzi haonyeshi mtu shimo lake la udongo. Ndivyo Mama Vyungu alivyofunzwa na mama yake, na miaka hamsini hakuvunja mwiko. Ukimuuliza udongo anautoa wapi, anakuelekeza mashariki ilhali kapu lake limetoka magharibi, wala hapepesi jicho.

Kwa hiyo mtaalamu wa mazingira, binti mpole mwenye buti kubwa, alipomkuta bondeni amechuchumaa na kumuuliza, "Mama, hapa pana nini?" jibu lilimtoka lenyewe.

"Hapa? Hapana kitu, mwanangu. Nyasi tu."

Binti akaandika, akashukuru, akaenda zake.

Miezi minne baadaye mkwe wa Mama Vyungu, mke wa mwanawe, alimsomea ripoti ya yule binti uani, yeye akipigapiga chungu kibichi kwa kibao. Halmashauri ilitaka dampo la taka, na mahali penyewe ni bondeni. Ukurasa wa arobaini na moja ulisema: "Kwa maelezo ya wenyeji, eneo halina maji wala matumizi yoyote."

Kibao kikaganda hewani.

"Wenyeji gani hao, mama?" mkwe akauliza.

"Ni mimi," alisema. "Wenyeji wote hao ni mimi peke yangu."

Maji yapo. Yanapita chini ya bonde hadi visima vya mtaa mzima. Yeye aliyajua kwa ulimi: udongo mkavu ukiulamba hung'ang'ania ulimi kama kupe, lakini wa pale, hata jua likiwaka namna gani, huachia.

Wifi yake, mfinyanzi mwenzake, aliposikia anakwenda kusema, alikuja juu. "Ukifungua mdomo, malori ya wenye matofali yatazoa udongo wetu! Utafinyanga nini, mate?"

"Heri nifinyange mate kuliko wajukuu wanywe maji ya taka."

"Na siri ya mama yako?"

"Mama hakuniachia siri ya kuzikia watu, wifi."

Alhamisi Mama Vyungu akasimama kwenye ukumbi wa halmashauri, khanga kaifunga kiunoni. Mwenyekiti akatabasamu kwa huruma. "Mama, wataalamu walichimba mashimo mawili, wakatoa vumbi. Jumatatu tunatia saini."

"Leo Alhamisi. Siku zipo." Kisha akamgeukia binti wa buti. "Nilikudanganya, mwanangu. Uliandika nilichosema, hukukosea. Kosa lako hukukaa. Ungekaa nami wiki moja, ningechoka kudanganya."

Ukumbi ukaangua kicheko. Binti hakucheka. "Unaweza kunionyesha?"

Jioni ile, mbele ya macho ya binti, Mama Vyungu alipaka mafuta ndani ya vyungu vitatu vipya visije vikanywa unyevu, akavifukia kifudifudi: viwili kando ya mashimo ya wataalamu, kimoja kwenye shimo lake. Asubuhi wakavifukua. Cha kwanza kikavu. Cha pili kikavu kama kauli ya mwenyekiti. Cha tatu kilikuwa kikitiririka kama mfuniko wa sufuria ya uji.

"Pengine ni umande," binti akasema.

"Umande gani unachagua chungu? Chimba."

Vibarua wawili wakachimba. Kimo cha mtu mzima, sepetu ikatoka na tope. Kidogo tena, maji yakaanza kupanda. Binti akachutama, akayachota kiganjani. Kisha akatoa ripoti na kuufuta ule mstari kwa kalamu nyekundu.

"Niandike nani kanieleza?"

"Andika mfinyanzi. Tena andika kwamba mara ya kwanza alidanganya, wajao wajue kuuliza mara mbili."

Jumatatu saini haikutiwa. Halmashauri ikaambiwa itafute mahali pengine. Jumanne njia ya bondeni ilijaa watu waliokuja kushangaa maji. Mama Vyungu alikuwa kachuchumaa shimoni kwake, anakwangua udongo kama kawaida. Wifi akafika, akasimama pembeni, kapu kalificha chini ya khanga.

"Watu wote wanatuona," akanong'ona.

"Na watuone. Lete kapu hilo."